Majembe Chini ya Sindano

Mzungu aliyeshuka Korogwe na gari moshi, miaka miwili baada ya vita vya Maji Maji kuzimwa, hakuwa na bunduki begani wala Biblia kwapani, na kwa sababu hiyo watu walimwogopa zaidi. Bunduki wanaijua, Biblia wanaijua. Huyu alikuwa na sanduku la mbao lililofungwa kwa skrubu za shaba, na ndani yake mlikuwa na sindano ndefu ya sumaku iliyoning'inia kwa uzi wa hariri. Jina lake lilikuwa Ruprecht. Korogwe nzima ilishindwa kulitamka, ikamwita Bwana Sindano.

Maofisa wenzake wa Kijerumani walimwita Daktari, naye kila alipoitwa hivyo aliiva uso mpaka masikioni, maana hakuwa daktari wa kitu chochote. Alikuwa mwanafunzi. Alikwisha pata shahada ya kwanza ya fizikia huko kwao, sasa anaitafuta ya juu, na profesa wake alikuwa amemtuma aje apime jinsi dunia, ambayo yenyewe ni sumaku kubwa, inavyoivuta sindano katika nchi hii. Alete jambo jipya, profesa alisema, la sivyo asijisumbue kurudi chuoni. Maskini wa Mungu alikuwa amepima tangu Tanga, akapima kando ya Mto Pangani, akapima njia ya Kabuku, na kila mahali sindano ilielekea kule kule ambako vitabu vilikwisha sema itaelekea.

Mkalimani wake aliitwa Habakuki, kijana wa miaka ishirini hivi. Kwa kuzaliwa alikuwa Mzigua wa upande wa Handeni, na mama yake, Mwaija, hakuwahi kumwita jina jingine ila lile alilompa mwenyewe, Kibwana. Hilo la Habakuki alilipata milimani Lutindi, kwa wamisionari, wakati wa njaa kuu. Baba alikuwa amekwisha kufa na nyumbani hakuna hata pumba. Mwaija alimshika mtoto mkono, wakapanda mlima pole pole, akamwacha barazani kwa wazungu wa dini, akateremka peke yake. Mtoto alikula, akapona, akajifunza kusoma, hesabu na Kijerumani. Mama naye Mungu alimhifadhi, lakini tangu siku ile alimwangalia mwanawe kama chungu kilichopasuka kikazibwa, ambacho mtu hathubutu kukiweka jikoni.

Masika yale yalimfungia Bwana Sindano Korogwe. Njia zilikuwa matope, mto umefurika, na mzungu asiye na kazi ni mtu wa kuhurumiwa. Alipochoka kuandika barua na kuua mbu akaanza kumfundisha Habakuki. Siku moja, mvua ikinyesha, alifunga jiwe kwenye uzi, akalitundika kwenye boriti ya paa, akalisukuma. Kisha akatundika la pili kando yake, uzi wa urefu ule ule, lakini jiwe lenyewe kubwa, zito.

"Lipi litawahi kurudi?" akauliza.

Habakuki hakufikiri hata kidogo. "Zito, Bwana."

Bwana Sindano akayaachia yote mawili pamoja. Yakaenda, yakarudi. Yakaenda tena, yakarudi, wala hayakuachana. Habakuki aliinuka, akayasimamisha kwa mkono wake, akayaachia mwenyewe, maana aliona kama amefanyiwa kiinimacho. Yakafanya vile vile. Akabadilisha mawe. Vile vile. Ndipo kitu kikamfunguka kifuani. Mawe yale hayakuamriwa na mtu. Hayakumjua Kaisari wa Wajerumani, wala mchungaji, wala akida na kiboko chake. Yalitii kitu ambacho hata Mjerumani alipaswa kukitii. Kwa kijana ambaye tangu utotoni alikuwa amesimama mbele ya watu wenye amri, habari hiyo ilikuwa tamu kupita asali, na tangu siku hiyo aliipenda fizikia kama watu wanavyopenda mchumba, kwa moyo wote na bila akili.

Alisoma vitabu vya Bwana Sindano mpaka kurasa zikalegea. Alipoishiwa maswali ya vitabuni alianza ya kwake. Ndipo mzungu yule, ambaye si kwamba alikuwa na roho mbaya, alipotamka jambo ambalo angefanya vema kulimeza.

"Kwetu kuna chuo wanakofundishwa maofisa Kiswahili kabla hawajaja huku. Wanataka msemaji wa lugha. Nikisema neno, nafasi utapata. Asubuhi utafundisha, mchana utakaa nami katika mihadhara ya fizikia. Chuo kikuu, Habakuki. Hakuna atakayekuuliza ulitoka wapi ukijua hesabu." Kisha akaongeza, "Nikifaulu mimi."

Ahadi ni deni, husema watu, ila hawasemi atakayelilipa ni nani. Habakuki aliichukua ahadi ile akaiweka moyoni, na hakumwambia mtu. Hata mama yake hakumwambia. Alijiambia kwamba atamweleza mambo yakiiva. Ukweli ni kwamba hakujua amwambieje mwanamke aliyekwisha kumtoa mtoto mara moja kwamba sasa mtoto anajitoa mwenyewe.

Kiangazi kilipoingia walipanga kwenda Handeni. Ilikuwa kawaida yao Habakuki kutangulia, kuchagua mahali palipo wazi, mbali na nyumba na mbali na kiwanda cha mhunzi, akapigilia kigingi cha mti pale ambapo chombo kitasimamishwa. Chombo kile kilikuwa na adui mmoja, nacho ni chuma. Hata kisu kidogo mfukoni kiliweza kuichanganya sindano. Bwana Sindano mwenyewe alivaa vifungo vya mfupa na viatu visivyo na misumari, na askari waliomsindikiza waliacha bunduki zao mbali, wakakaa wakinung'unika kama wanawake walionyang'anywa kinu.

Safari hii Habakuki alichagua uwanda ulio karibu na kijiji cha mama yake, ng'ambo kidogo ya mashamba. Alipigilia kigingi, kisha akaenda kumsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Kibwana. Umekonda. Huyo mzungu wako anakulisha nini?"

Akamweleza kazi waliyokuja kuifanya. Akamwomba awaambie na majirani: siku Bwana atakapokuja, mtu asipite uwandani na jembe, wala panga, wala kisu, wala bangili ya chuma. Bangili za shaba hazina neno.

Mwaija aliacha kupepeta. "Na wewe?"

"Mimi ndiye nitakayesimama karibu na chombo kutwa. Sitakuwa na chuma hata cha sindano ya kushonea. Bwana hutupapasa mifuko."

Mama alirudia kupepeta. Lakini tuelewane: kwa watu wa kule, wakati ule, chuma hakikuwa kitu cha kulimia tu. Mtoto mchanga hakulazwa bila kisu chini ya kichwa chake. Mwenye mimba hakupita njia panda bila kipande cha chuma pindoni. Mchawi na pepo wote huogopa chuma. Sasa akitokea mtu anayezunguka nchi nzima akiwavua watu chuma kabla ya kuwasimamisha mbele ya kitu kinachotikisika chenyewe ndani ya kioo, mtu huyo mama mwenye akili amdhanie nini? Mwaija alidhani alichokidhani. Mwanawe alipokwisha ondoka kurudi Korogwe kumchukua Bwana wake, alifungua kapu lililokuwa juu darini.

Bwana Sindano alifika Handeni akiwa amechoka na amekata tamaa. Barua ya profesa ilikuwa imemkuta Korogwe, na tangu hapo hakula vizuri. Walisimamisha chombo juu ya kigingi cha Habakuki, wakafunga hema kuzuia upepo, wakangoja sindano itulie. Ilipotulia, Bwana Sindano alichungulia kwenye darubini yake ndogo, akatoka nje, akarudi akachungulia tena. Akamwita Habakuki aangalie. Sindano ilikuwa imepinda mbali kabisa na pale ilipopaswa kuelekea.

"Kuna chuma chini yetu," mzungu alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba chuma chenyewe kingesikia kikakimbia. "Mlima mzima umelala humu ardhini."

"Tusogeze chombo, Bwana?" Habakuki aliuliza. "Tupime upande ule wa miti, tena kule kwenye kichuguu, tuone unakoishia?"

Swali hilo alifundishwa na Bwana Sindano mwenyewe. Kupima mara moja ni kubahatisha, alizoea kusema. Kupima mahali pamoja ni kujidanganya. Lakini sasa alitazama pembeni, akasema muda hauruhusu, meli haimngoji mtu Tanga, na kwamba wataalamu watakuja baadaye kupima mipaka. Habakuki alimtazama usoni akaona hofu. Mtu yule aliogopa kusogeza chombo kwa sababu aliogopa jibu. Habakuki aliiona hofu ile, akaielewa, na yeye pia akanyamaza, kwa kuwa nyuma ya jibu lile ilikuwapo na safari yake mwenyewe.

Jioni ile Bwana Sindano alimshika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Utakwenda nami," alisema. "Hili limekwisha. Wewe ndiye uliyechagua mahali."

Habari ilifika boma la Handeni kabla Bwana Sindano hajamaliza kuiandika. Mkuu wa boma, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amekwama kwenye wilaya isiyo na kitu ila vumbi na kodi, alifurahi kama aliyetangaziwa mtoto wa kiume. Kesho yake tu akida Sadala alikuja kijijini na askari wake. Akida huyu hakuwa mtu wa nchi ile. Aliletwa kutoka pwani na kanzu yake nyeupe, na aliwaita wenyeji washenzi mbele ya wake zao. Alitangaza kwamba uwanda wote pamoja na mashamba yanayopakana nao sasa ni mali ya serikali. Mahindi yangevunwa yakiwa mabichi. Wanaume wangechimba, na watakaokataa wanakijua kiboko. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Wenyeji wale wangependa kumwona aliyeutunga msemo huo.

Habakuki alikwenda kwa mama yake mchana huo akiwa na kichwa kizito. Alimkuta amekaa kivulini anasuka ukili, ametulia, na utulivu ule ulimshangaza, kwa maana shamba lake nalo lilikuwa ndani ya mipaka ya akida.

"Shamba litapatikana jingine," Mwaija alisema. "Mtoto, ila wewe, sina mwingine. Nilikuwa na wasiwasi siku ulizosimama pale, lakini nikasema, potelea mbali, chini ya miguu yake nimempa ulinzi."

"Ulinzi gani, mama?"

"Majembe yangu. Yale ya mahari, aliyonitolea baba yako. Nimeyafunga kwenye kaniki pamoja na mizizi, nikayatia chunguni, nikayazika chini ya kigingi chako. Alikuvua chuma mwilini, ya ardhini angeyajuaje?"

Habakuki alikaa chini. Lilikuwa fingo, dawa ya kinga inayozikwa ardhini, kama watu wa kwao walivyozika mashambani na mlangoni tangu zamani. Mlima wa chuma wa Bwana Sindano ulikuwa majembe ya mahari ndani ya chungu. Alitaka kucheka. Kama asingemwona mama anamtazama kwa uso ule wa mtu aliyefanya jambo jema akalikamilisha, labda angelia.

Mchana uliobaki alitembea bila kujua aendako. Akinyamaza, atapanda meli. Atakaa kwenye chumba kile cha mihadhara, atajifunza yale ambayo vitabu vya Bwana Sindano viliyagusa tu vikayaacha. Akinyamaza, kijiji kitachimba shimo la bure na kula mahindi mabichi kisha njaa, naye njaa ile anaijua kwa jina. Tena wakichimba watakuta chungu. Miaka ile, tangu Maji Maji, mtu alinyongwa kwa kibuyu cha maji. Chungu chenye chuma, kaniki na mizizi, kilichozikwa kwa siri chini ya kazi ya mzungu, kingemwua mtu.

Akaenda kwa Bwana Sindano akamwambia yote. Kitu kimoja tu alikificha, jina la mama yake. Alisema ni mwanamke mmoja mzee wa kijijini, hana ubaya, aliogopa tu.

Bwana Sindano hakukasirika. Alivaa kofia yake, akasema, "Twende." Uwanda ulikuwa mtupu, askari walikuwa wamerudi bomani na akida. Walikisogeza chombo kando, Habakuki akafukua kwa kijiti na mikono mpaka akagusa mfinyanzi. Akakitoa chungu, akakipeleka mbali, nyuma ya miti. Wakakirudisha chombo mahali pake. Sindano ikatikisika, ikazunguka taratibu, ikatulia pale pale ambapo sindano zote za Tanga na Korogwe na Kabuku zilitulia.

Habakuki aliichungulia, na katikati ya huzuni yake akasikia furaha ndogo, ile ile ya siku ya mawe. Sindano haikudanganya. Ilikuwa imesema kweli siku ile na ilikuwa inasema kweli sasa. Watu ndio waliokuwa hawajauliza vizuri. Aligeuka amwambie Bwana wake hivyo. Akamkuta amekaa chini juu ya mchanga, kofia mapajani, mtu mzima machozi yanamtoka.

"Mkuu wa boma anakuja kesho kujionea kwa macho yake," Bwana Sindano alisema. "Amekwisha peleka habari Dar es Salaam. Mimi nimekwisha mwandikia profesa." Akajifuta uso. Kisha, bila kumtazama, akasema, "Kirudishe."

"Bwana?"

"Kirudishe kilipokuwa. Aone sindano, aridhike. Watakapochimba sisi tutakuwa tumekwisha ondoka, mimi na wewe. Mtu anaweza kuwa amekosea. Kukosea si kosa. Lakini nikirudi mikono mitupu, hakuna shahada, na bila shahada mimi sina neno la kumsemea mtu. Unanielewa, Habakuki? Si kwa ajili yangu peke yangu."

Hapo ndipo hadithi hii ilipokuwa na njia mbili, na ningependa kusema kwamba Habakuki alisimama akafikiri sana. Hakufikiri sana. Alijua jibu kabla hajaulizwa, na jambo hilo lilimwumiza baadaye kuliko kiboko. Alijidanganya kwa uongo wa haraka haraka: atarudi usiku wowote kabla hawajachimba akiondoe; atamwambia mama akiondoe; atafanya hivi, atafanya vile. Akaenda nyuma ya miti, akakipakata chungu cha mahari ya mama yake kama mtu anavyopakata mtoto wa mwenzake, akakirudisha shimoni. Akafukia, akasawazisha mchanga, akaupitishia majani usionekane umeguswa.

Mkuu wa boma alikuja, akaona, akaridhika. Aliacha askari wawili walinde uwanda, asipite mtu wala mbuzi, na hivyo ule uongo wa Habakuki wa kurudi kukiondoa chungu ukafa siku hiyo hiyo. Safari ya kurudi Korogwe ilianza alfajiri iliyofuata. Alimuaga mama kwa maneno ya kawaida: anamsindikiza Bwana, atarudi. Mwaija alimpa viazi vya kuchoma vya njiani.

Korogwe, stesheni, Habakuki alifika na sanduku lake la nguo. Mizigo ya Bwana Sindano ilikuwa imekwisha pakiwa. Sanduku la sindano alilishika mwenyewe mapajani, yuko ndani ya behewa, dirisha limefunguliwa.

"Nafasi yako haijathibitishwa bado," alisema. Alizungumza Kiswahili, ingawa siku zote wakiwa wawili walizungumza Kijerumani. "Mimi nitatangulia. Nikifika nitasema neno, uitwe."

"Ulisema nitakwenda nawe, Bwana."

"Nilisema." Bwana Sindano alitazama mikono yake. "Habakuki, fikiri. Siku nitakapoitetea kazi yangu mbele ya maprofesa, wewe utakuwa umekaa chumba kile kile. Wewe, unayeuliza maswali."

Kwa hiyo ilikuwa rahisi hivyo. Nafasi aliyoinunua kwa kunyamaza aliikosa kwa sababu ya kile alichokinyamazia. Mtu pekee katika nchi nzima ambaye mzungu yule asingeweza kumpeleka chuo kikuu ni yule anayeijua fizikia ya Handeni. Gari moshi lilipiga kelele likaondoka, na Habakuki akabaki amesimama na sanduku lake kama mgeni aliyeshushwa mahali ambapo si pake. Hakutukana, hakulia. Aliwaza tu kwamba kule uwandani watakuwa wamekwisha anza kuchimba.

Angeweza kukimbilia Lutindi, wamisionari wangempokea. Angeweza kupotelea Tanga. Alilitupa sanduku kwa mtu anayemfahamu, akashika njia ya Handeni, mara anatembea, mara anakimbia.

Alichelewa. Alipofika uwandani chungu kilikuwa juu ya jamvi, kimevunjwa, na majembe, kaniki na mizizi vimeanikwa mbele ya mkuu wa boma aliyekuwa amekaa kitini. Wanakijiji walikuwa wamekalishwa chini juani. Akida Sadala alikuwa anatembea mbele yao, kanzu ameishika pindo, kiboko mkononi.

"Dawa ya vita," alikuwa anasema. "Mnadhani hatuijui? Kule kusini waliifanya ya maji, nyie mnafanya ya chuma. Nauliza kwa mara ya mwisho, nani aliyeyafukia?"

Katika ile safu ya wanawake, Habakuki alimwona mama yake anaweka mkono chini ili ainuke. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa, na kuchelewa kule ndiko kulikomwokoa.

"Ni mimi," Habakuki alisema.

Watu wote waligeuka. Alipita katikati yao mpaka mbele ya jamvi, akasema tena kwa Kijerumani ili mkuu wa boma asingoje tafsiri. Na lililo chungu zaidi ni kwamba hakuwa anasema uongo. Alikuwa ameyafukia kwa mikono yake miwili, na mtu aliyeyafukia mwisho ndiye aliyeipinda sindano mbele ya macho ya serikali.

Alieleza yote kwa ukweli, ila mama yake hakumtaja. Alisema Bwana Sindano aliuona udanganyifu, akaona sindano imerudi mahali pake, akaamuru chungu kirudishwe. Hapo uso wa mkuu wa boma ukabadilika. Alikuwa amekwisha iandikia Dar es Salaam kwamba wilaya yake ina chuma. Kumkubali mtu mweusi anayesema mzungu mwenye elimu alidanganya, ni kukubali pia kwamba yeye mwenyewe alisimama akachungulia majembe ya mahari akayapigia saluti. Aliamua palepale kwamba uongo ni wa Habakuki. Chuma kipo, kiko chini zaidi. Mwenyeji huyu alifukia uchawi kukizuia. Habakuki alipigwa viboko hamsa ishirini kwa ajili ya chungu, akapigwa tena kwa kumsingizia mzungu, kisha akafungwa mnyororo, akapelekwa na wafungwa wengine kutengeneza barabara ya kwenda Korogwe.

Uwanda walichimba mpaka maji yakatoka. Kisha wakaacha kimya kimya, na hakuna aliyerudishiwa shamba. Mchungaji mmoja aliyepita baadaye na habari za Ulaya alisema kwamba Bwana Ruprecht amefaulu vizuri, sasa anaitwa Daktari kwa haki, naye anafundisha vijana wa chuo kikuu jinsi ya kupima.

Wafungwa waliruhusiwa kuletewa chakula na ndugu zao adhuhuri. Mwaija alikuja barabarani na bakuli la ugali na mlenda, akaketi karibu na mwanawe, askari amewapa mgongo. Alikuwa amezeeka ghafla. Alimtazama akila, akamtazama shingoni penye mnyororo, akauliza jambo lililokuwa linamla tangu siku ile.

"Kibwana. Kwa nini ulisema ni wewe? Mimi ndiye niliyeyafukia."

"Wewe uliyafukia mara ya kwanza, mama. Yalitolewa. Mimi ndiye niliyeyafukia ya pili, hata shauri sikuomba."

Mwaija alikunja uso. "Ya nini tena? Mzungu amekwisha pima, wewe mzima. Ulikuwa unamkinga nani?"

Habakuki aliliweka tonge chini. Alijua angeweza kusema lolote, na mama angeamini. Lakini alikuwa amechoka kabisa na vitu vilivyofukiwa.

"Sikuwa namkinga mtu. Bwana aliniahidi kunipeleka Ulaya nikasome. Nilikuwa niondoke bila kukwambia niendako. Wewe uliyafukia nisidhurike, mama. Mimi niliyafukia nipate kukuacha."

Upande wa pili wa barabara nyundo zilikuwa zinagonga mawe. Mwaija hakulia, wala hakumlaumu. Aliinama, akalichovya tonge lile kwenye mlenda, akamrudishia mkononi.

"Mara ya kwanza nilikuacha mimi," alisema. "Nawe hukuniuliza kitu. Kula, askari anageuka."